Wanaosema Verona Hafundishiki

Jumanne, 5 Septemba 1972

Daktari kanikataza kupiga kelele. Mapafu, anasema. Yamejaa vumbi la makaa ya mawe, kila nikifoka yanachanika kama gunia kuukuu. "Ukitaka kugomba, Mzee Hrinko, andika." Haya. Naandika. Daftari hili walitoa bure watu wa nyumba ya mazishi, lina waridi kwenye jalada. Wananiwahi!

Mwandiko wangu ni wa kuku. Darasa la tatu tu, kisha nikapelekwa kwenye kinu cha makaa, kuchambua mawe na makaa. Lakini gazeti nalisoma lote, hata habari za mahakama. Wasil jirani yangu anasoma matokeo ya besiboli, basi, halafu anajiita msomi.

Sasa ya leo. Shule zimefunguliwa. Olga binti yangu kamvika Verona gauni la bluu, kalishona mwenyewe kwenye kiwanda cha nguo anakofanya kazi, saa ya chakula. Soksi nyeupe. Nywele kazifunga utepe. Mjukuu wangu ana miaka tisa na leo ndiyo mara ya kwanza anakwenda shule. Alipokuwa na sita walimkataa. Alipokuwa na saba wakamkataa. Mwaka huu hawawezi, kasema Olga, mahakama ya Philadelphia imeamua: kila mtoto wa Pennsylvania ana haki ya shule, mwenye akili nyepesi na mwenye akili nzito. Najua! Mimi ndiye niliyemsomea gazeti!

Tukafika shule ya Mtaa wa Spruce. Prosser, mwalimu mkuu, kasimama mlangoni kama kizibo. Hata ndani hatukuingia.

Madarasa yamejaa, kasema. Kuna watoto waliohamia kwa sababu ya mafuriko ya Juni. Halafu mpima akili alimpima Verona mwezi wa nane, matokeo si mazuri. Aliambiwa ajenge mnara kwa vipande vya mbao, yeye akavirusha sakafuni. Akapiga na makofi.

"Verona harushi vitu," nikasema. "Mjukuu wangu ana adabu kuliko watoto wako wote humo ndani."

"Bwana Hrinko, sisemi hana adabu. Nasema hafundishiki."

Hafundishiki! Kama anasema mvua inanyesha.

Watamletea mwalimu nyumbani, muda wa saa mbili kwa wiki. Na tufikirie ile nyumba kubwa ya serikali kule milimani, ya watoto kama yeye, wana vitanda. Olga alikuwa mweupe kama soksi za mtoto. Verona yeye alikuwa anawapungia watoto wanaoingia. Wengine wakampungia pia. Wale wana akili kuliko mwalimu wao.

Nimepiga kelele mlangoni pale. Nimekohoa hadi nyumbani.


Jumatano, 6 Septemba

Mwalimu mkuu huyu ni mtoto wa Dai Prosser! Baba yake alikuwa msimamizi wetu kinuni. Alitembea nyuma yetu na fimbo. Wao Wawelshi walikuwa mabosi, sisi Waslovaki tulikuwa mikono. Sasa kijana wake ana tai na anasimama mlangoni. Fimbo ameiacha, mlango anao.

Olga yuko kiwandani tangu asubuhi. Mimi na Verona tumekaa jikoni kama kila siku. Tumekula mkate na jibini. Tumechambua makaa. Hiyo ndiyo kazi yake na mimi ndiye niliyemfundisha. Makaa ninayonunua siku hizi ni aibu, nusu mawe. Namwagia kwenye trei, Verona anachagua. Makaa yanabaki. Jiwe la kijivu linatupwa kwenye ndoo chini, kap! Nikimwona amepata yote napiga makofi, naye anapiga makofi.

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, bila fimbo. Weka kimoja mkono huu, kingine mkono huu. Kizito ni jiwe. Ilimchukua baridi nzima. Sasa hakosei. Mimi nilikuwa mchambuaji hodari kuliko wote kinuni, kila mtu alijua, hata Dai Prosser alijua ingawa hakusema. Na nasema mtoto huyu ana mikono yangu.

Hafundishiki!


Alhamisi, 21 Septemba

Chumba cha chini cha kanisa, siku ya kufinya pirohi. Akina mama wanakanda unga, wanajaza viazi, wanafinya. Mimi namenya viazi kwa sababu Padre amesema wastaafu wasaidie. Namenya upesi kuliko wajane wote wa parokia.

Olga kaja na mama mmoja Mtaliano, Bi. Tedesco. Mnene, sauti ya tarumbeta. Ana mwana wa miaka kumi na minne, hawezi kutembea wala kusema vizuri, hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Yeye na wazazi wenziwe ndio walioishitaki serikali ya jimbo.

"Nyie akina mama mliishitaki serikali?" nikamwuliza.

"Tena tukaishinda, babu."

"Kwa nini hamkushitaki mapema? Huyu ana miaka tisa!"

"Wewe ulikuwa wapi mapema, babu? Ulikuwa unamenya viazi?"

Wajane wakacheka. Sijampenda. Lakini anajua mambo yake. Kaeleza huku anafinya pirohi, wala hakuziharibu. Sheria ya zamani iliwapa shule ruhusa: mtoto ambaye akili yake haijafika miaka mitano, mrudishe kwao. Na nani anapima? Shule yenyewe. Kwa hiyo mchinjaji ndiye anayepima nyama na ndiye anayeshika mizani. Sheria nyingine ikasema kila mtoto lazima asome, mzazi asiyempeleka atafungwa, ila mzazi wa mtoto asiyefaidika na masomo asamehewe. Wakaigeuza. Msamaha wa mzazi ukawa mlango wa kumtolea mtoto nje. Miaka na miaka! Watoto wakafichwa vyumba vya nyuma. Wengine kwenye zile nyumba za serikali, wanakaa uchi sakafuni, Bi. Tedesco kawaona kwa macho yake.

Mwaka jana mahakamani wataalamu wakaapa mmoja baada ya mwingine kwamba hakuna mtoto asiyefundishika. Hakuna. Kila mmoja anaweza kusogea mbele kutoka alipo. Serikali ikanyoosha mikono, ikatia sahihi. Tangu mwezi huu kila mtoto awe na shule. Na shule ikitaka kumweka mtoto pengine, lazima iwaite wazazi kwenye baraza, mwamuzi wa nje akae, mashahidi waseme.

"Basi tuombe baraza," kasema Olga.

Nikasema mimi nitakuwa shahidi. Nani mwingine anakaa na mtoto mchana kutwa? Baba yake alikwenda New Jersey kutafuta kazi, hadi leo bado anaitafuta.

"Lakini babu," kasema Bi. Tedesco, "ukiwa shahidi utajibu unachoulizwa tu. Utaweza?"

Nimeulizwa maswali na mabosi, na polisi wa mgomo, na madaktari wa kampuni. Mama mfinya pirohi ananiuliza kama nitaweza!


Jumanne, 10 Oktoba

Mwalimu wa nyumbani kaja. Binti mzuri, mwoga wa mbwa, na mbwa wetu ni mzee hana meno. Saa mbili zenyewe: nusu ya kwanza kanywa kahawa na keki ya karanga. Kisha akamwonyesha Verona picha za tembo. Tembo! Mtoto atakutana nao wapi tembo, dukani?

Verona kauliza, "Watoto wako wapi?"

Binti wa watu kaangalia saa yake. Jibu nilikuwa nalo mimi, lakini daktari kanikataza kufoka.


Jumamosi, 28 Oktoba

Siku mbaya. Au nzuri, sijui.

Bi. Tedesco kaja kutupangia maneno ya barazani. Kamleta mwanawe kwenye kiti cha magurudumu, na kikapu cha vitu vya kuchezea. Ndani mna vipande vya mbao vya zamani, rangi imechakaa. Vyekundu, vyeusi, vya kijivu. Kavimwaga mezani, "Verona mama, nijengee mnara."

Verona kaviangalia. Kavuta trei yangu. Kachukua cha kijivu, akakipima mkononi, kap! Chini. Cha kijivu kingine, kap! Ndoo haikuwepo, vikaanguka sakafuni. Vyeusi akavibakiza mbele yake vyote, safi. Vyekundu akavisogeza pembeni, havijui. Halafu akaniangalia mimi. Akapiga makofi.

Mtoto wa Bi. Tedesco peke yake alicheka.

"Mama Maria mtakatifu," kasema Bi. Tedesco. "Hivi ndivyo alivyomfanyia mpima akili."

Olga kanigeukia. "Baba. Wewe."

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye uliyemfundisha kurusha."

"Sikumfundisha kurusha! Nimemfundisha kuchambua! Yule mpima akili angekuwa na macho angeona kazi. Mwanamume mzima, miwani kubwa, hajui kutofautisha mtoto anayetupa na mtoto anayechambua! Angeniita mimi ningemweleza. Siku aliyokuja hapa mlinifungia nje na mbwa!"

Nikakohoa hadi nikashika sinki. Olga kanipa maji.

Bi. Tedesco kasema hii ni dhahabu. Kasema mzee atakwenda barazani na ndoo yake aeleze hivyohivyo. Bila mimi hawana kitu, maana kuona mwenyewe si kama kuambiwa na Mtaliano mwenye kikapu.

Sawa. Natakiwa. Nilijua tangu mwanzo natakiwa mimi.


Alhamisi, 9 Novemba

Wameleta tarehe ya baraza. JUMATATU TAREHE 27 NOVEMBA SAA TATU ASUBUHI.

Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani!

Nimesoma mara mbili, nimempa Wasil asome, maana labda macho. Siyo macho. Siku ya kwanza ya kuwinda kulungu dume! Siku ambayo hata shule zinafungwa kwa sababu hakuna mvulana atakayekuja, viwanda vinalegea, na hata padre hana wa kumzika. Siku hiyo mtu akizaliwa anasubiri jioni ndipo baba yake aambiwe.

Wasil kacheka hadi kofia ikaanguka. "Huyo Prosser ni fundi, Mihal! Kakutega kama sungura. Shule tupu, msitu umejaa, shahidi yuko juu ya mlima na bunduki."

Nikampigia Prosser simu. Kasema eti walichagua siku hiyo kwa kuwa jengo litakuwa kimya, kuna nafasi. Nafasi! Kuanzia Januari hadi Januari kuna siku ngapi, akaiona hiyo tu? Yeye hawindi, ni mtu wa kanisa la Wawelshi, anaimba besi. Pengine hata hakufikiri. Hilo ndilo linaniudhi zaidi. Bora awe mjanja kuliko asinifikirie kabisa.

Bi. Tedesco kaomba tarehe ibadilishwe. Jibu: ikibadilishwa ni baada ya mwaka mpya, mwamuzi ana mashauri mengine. Na hadi hapo mtoto anabaki nyumbani na tembo wake.


Jumapili, 12 Novemba

Vita baada ya misa.

Nilisema nitakwenda alfajiri kidogo tu. Nitapiga dume langu mapema, mimi huwa sichelewi, mwaka ule wa theluji kubwa nilimpiga wa pembe kumi kabla Wasil hajamaliza kufunga kamba za viatu. Saa tatu nitakuwa shuleni nimeshanawa.

"Na kulungu akikimbilia bondeni?" kasema Olga.

"Hakimbilii."

"Na gari la Wasil likikwama?"

"Halikwami."

"Baba, mwaka jana lilikwama mkalala humo!"

"Nilikuwa nampumzisha Wasil."

Olga kaweka sahani chini, polepole. Kasema, Baba nikuulize kitu. Ukiondoka wewe, nani atakaa naye mchana? Nikasema naondoka kwenda wapi, asubuhi moja tu. Akasema siulizii asubuhi.

Basi.

Hilo ndilo jambo, na katika nyumba hii hakuna anayelitaja. Mimi nikiisha, Olga aache kazi wale nini? Au mtoto aende kule milimani kwenye vitanda vya serikali. Hakuna njia ya tatu isipokuwa ule mlango wa Mtaa wa Spruce. Najua. Sikuwa nimeambiwa lakini najua, mimi si mtoto.

Nikatoka nje nikamtukana mbwa.


Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga mkavu. Verona alipanga meza peke yake, uma kushoto, kisu kulia, akaweka na sahani ya baba yake wa New Jersey. Olga akaiondoa bila yeye kuona.

Nimetema damu kidogo kwenye leso. Leso nimeitia jikoni motoni. Haya.


Jumapili, 26 Novemba

Nimesafisha bunduki. Nimeipaka mafuta, nimeitazama mtutuni, safi kama kikombe cha misa. Nimerudisha kabatini.

Wasil kaja jioni. "Saa kumi alfajiri nakupigia honi."

"Usipige honi."

"Unaumwa?"

"Nina kazi."

Alinitazama kama nimebadili dini. Miaka yote tangu tulipotoka jeshini hatujakosa, hata mwaka ule mke wangu alipokuwa mgonjwa alinifukuza mwenyewe, nenda unanikera. Wasil akasema atanipigia dume mmoja kwa niaba yangu. Huyo! Hawezi kupiga ghala akiwa ndani yake.

Nimejaza ndoo. Makaa mazuri na mawe yanayofanana nayo sana, yale yanayong'aa upande mmoja. Nimeyachagua kwa uangalifu. Nataka yawe magumu. Nataka mwamuzi mwenyewe ashindwe.


Jumatatu, 27 Novemba

Naandika hapa shuleni, kwenye korido, juu ya kibenchi cha watoto. Magoti yamefika masikioni. Shahidi aliyekwisha kusema lazima akae nje. Nimekwisha kusema. Bora nisingesema!

Nianze mwanzo. Alfajiri nilisikia magari yote ya mtaa yakiondoka. Yote. Tukabaki mimi, wajane na mbwa. Saa mbili na nusu tukatembea, Olga, Verona kavaa gauni lake la bluu, mimi na koti langu jekundu la kuwindia maana ndilo lenye joto, na ndoo. Kutoka mlimani nikasikia mlio wa kwanza. Pa! Sikugeuka. Olga kanishika mkono.

Baraza liko chumba cha vitabu, watu wazima wote kwenye viti vya watoto. Mwamuzi katoka kaunti nyingine, uso umekunjamana. Nikaona buti zake chini ya suti: za kuwindia! Naye yuko hapa wakati wenzake wako msituni. Nikajua ana hasira sawa na zangu. Sikujua hasira hizo zitamwangukia nani.

Wakili wa shule kijana, nywele zimejaa mafuta. Prosser kakaa ameshika kofia.

Bi. Tedesco, msemaji wetu, aliniuliza vizuri. Mzee, mtoto anajua nini? Nikaeleza. Nikaeleza kinu, nikaeleza jinsi tulivyokaa juu ya mfereji wa makaa tukiyasimamisha kwa miguu, na vidole vilivyovimba, na kwamba nilikuwa hodari kuliko wote, na kwamba Dai Prosser baba wa huyu hapa alikuwa na fimbo ya...

"Mzee," kasema mwamuzi, "swali lilikuwa juu ya mtoto."

"Ndiyo nafika kwake, bwana. Lazima ujue mwalimu ndipo umjue mwanafunzi."

Bi. Tedesco akafumba macho.

Basi nikaweka ndoo mezani. Trei. Nikamwaga. Vumbi likaruka kwenye makaratasi ya wakili, akasogea kama mwanamwali. Nikamwita, "Verona, mama, tuchambue."

Verona akayaangalia makaa. Akaweka mikono nyuma.

"Verona. Haya. Lipi jiwe?"

Akatikisa kichwa. Nikachukua jiwe nikampa, hakulipokea. Nikamwonyesha. Nikapiga makofi mimi mwenyewe, mzee mzima, peke yangu, mbele ya watu. Mikono yake nyuma. Macho chini.

"Gauni," akasema.

Olga akasema haraka: ni kosa langu, nimemfundisha asiguse makaa akivaa gauni la shule. Nimempiga mkono kwa hilo. Anatii.

"Kila kitu kina sababu yake," kasema wakili wa shule. Taratibu tu. "Akirusha, amefundishwa. Asiporusha, amefundishwa."

Na hilo ndilo kweli! Hilo ndilo kweli kabisa, mpumbavu wewe, amefundishwa yote mawili! Nilisema hivyo. Nilisema kwa sauti. Kikohozi kikanishika, hadi mwamuzi akasema tupumzike kidogo, akatoka nje kuvuta sigara. Wakili akamfuata. Olga na Bi. Tedesco wakaenda kunitafutia maji.

Chumbani tukabaki mimi kwenye kiti kidogo, Verona, na Prosser.

Sikumwangalia. Nilisikia tu viatu vyake. Akaja mezani. Akaiinamia trei.

"Makaa haya sijayaona tangu utotoni," kasema. "Baba alikuwa akirudi nyumbani na mfuko umejaa. Alitaka nijifunze. Sikuweza."

"Nilijua hukuweza," nikasema.

Akachukua kipande. Akakigeuza dirishani, kinang'aa. Akakirudisha upande wa makaa. Nilikuwa nimekiweka hicho makusudi, ni jiwe.

Verona akasema, "Siyo."

Akanijia, akavuta mkono wa koti langu. Nilidhani anataka twende nyumbani. Alitaka koti. Nikalivua. Akalivaa juu ya gauni, likamfunika hadi soksi, akakunja mikono yake vizuri, mmoja, kisha mwingine. Gauni halionekani. Akaenda mezani.

Akakitoa kile kipande. Hakukirusha. Alimshika Prosser mkono, akavifungua vidole, akakiweka humo. Akachukua kaa, akalitia mkono wake wa pili. Akasubiri, kama ninavyosubiri mimi.

Prosser akasimama pale mikono imenyooka kama mtoto anayengoja fimbo.

"Zito," kasema Verona, akamgusa ule mkono wa jiwe.

"Zito," kasema Prosser.

Akampa vingine. Prosser akakosea. Nadhani hiyo ya kwanza alikosea kweli. Ya pili alikosea makusudi, kumjaribu, nilimwona usoni. Akaweka jiwe kwenye makaa akamwangalia. Verona akacheka, akaguna, "Aa, bwana!" vilevile ninavyoguna mimi, akamrudishia mkononi. Rudia. Akarudia. Akapata. Na Verona akampigia makofi mwalimu mkuu wa Mtaa wa Spruce.

Sikusema neno. Waulize wote wanaonijua kama wamewahi kuona hivyo.

Halafu mlango ukafunguka, wakili kaingia, mwamuzi nyuma yake akikung'uta buti. Hawakuona kitu. Wameona mtoto ndani ya koti la mzee na trei ya makaa. Olga kaja na maji, hakuona. Nikaanza kusema, "Bwana mwamuzi, sasa hivi hapa..." Akainua mkono. Mzee, ushahidi wako umekwisha, tafadhali nje na mtoto. Mwalimu mkuu aje aapishwe.

Nikamwangalia Prosser. Yeye aliangalia sakafu.

Kwa hiyo tuko nje. Verona kakaa ubavuni, bado ndani ya koti, anahesabu vifungo kwa njia yake. Korido inanuka nta na chaki. Ukutani wametundika majina ya watoto wa darasa la kwanza, kila moja juu ya jani la karatasi. Mlimani huko pa! pa! Wasil anawakosa wote.

Mlango haukufungwa vizuri. Nawaona kwa ufa. Nimemsikia akiapa kwa Biblia, na sauti yake ya besi. Wakili wake kamwuliza miaka aliyofundisha. Kajibu. Kamwuliza madarasa yaliyojaa. Kajibu. Sasa kamwuliza hili, nimelisikia wazi, ni lilelile walilopanga tangu mwanzo:

"Mwalimu Prosser, kwa uzoefu wako wote, je, umewahi kuona dalili yoyote kwamba mtoto huyu anafundishika?"

Prosser ameweka mikono mezani mbele yake. Myeusi hadi kwenye viganja, vumbi limeingia ndani ya kucha. Hajaipangusa. Anayo leso, naiona imechomoza mfukoni, hajaipangusa.

Wakili anasema, mwalimu mkuu?

Verona kasimama, kaja kuchungulia ufa chini ya kidevu changu. Namwambia shh. Ananiambia shh.

Mwamuzi amerudia swali. Prosser amevuta pumzi kama wale wa kwaya wanavyovuta kabla ya kuimba, akasema, "Ndiyo, nimeona."